Mazungumzo ya Mlango wa Bati

Mara ya kwanza mama yangu na mume wangu kuzungumza, mama alikuwa amejifungia chooni na mtoto wangu mchanga, mume wangu amesimama nje ya mlango wa bati akihema, na aliyekuwa akizungumzwa ni mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni, karibu nao kabisa, mikono mitupu mapajani, nikisikia kila neno. Sikuchangia. Jua lilikuwa la saa sita mchana, nepi zilikuwa zinakauka juu ya jiwe, na jirani yetu alikuwa ameegemea ukuta wa kwake kana kwamba amekata tiketi.

Nirudi nyuma, maana bila mwanzo wake watu hudhani ninatunga.

Kwetu mwanamume hakai na mama mkwe wake. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia na kuingia majanini mpaka mwenzake apite. Hiyo si chuki, ni heshima, ila ni heshima inayohitaji nafasi. Kijijini nafasi ipo. Kuna uwanja mpana, kuna shamba, kuna njia ya kuzungukia nyuma ya zizi. Familia nyingi za Kisukuma zilizokaa mjini zimelegeza mambo haya. Yetu haijalegeza. Siku ya harusi yetu mume wangu alimsalimia mama kwa kuchuchumaa upande wa pili wa uwanja, na shangazi ndiye aliyeitikia kwa niaba yake.

Sasa hapa kwetu Buhongwa tuna vyumba viwili, sebule ambayo bado haijapigwa plasta, uwanja unaotosha kamba moja ya nguo, choo cha nje, na jiwe kubwa nyuma ya jiko. Hakuna pa kuzungukia.

Mama yake mume wangu alishafariki, na dada zake wako mbali, kwa hiyo nilipojifungua hapakuwa na mjadala. Mama yangu avuke aje. Akavuka. Alitokea upande wa Busisi kwa basi lililopita juu ya daraja, na jambo la kwanza aliloniambia, baada ya kumkagua mjukuu wake kuanzia kisogo hadi vidole vya miguu, ni kwamba lile daraja limempunja. Zamani ukingoja kivuko, alisema, unakula samaki wa kukaanga, unasikia habari za watu wa Geita na Sengerema, unafika Kigongo umeshiba na unajua nani kaoa na nani kafukuzwa. Siku hizi unafumba jicho, umeshafika, huna hata umbea. Alikuwa amebeba jogoo, chupa ya samli, na mfuko wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, vya kunichemshia na karanga ili maziwa yatoke.

Kulala nyumbani kwa mkwe hakuwezekani. Jirani ndiye aliyetuokoa. Ni mama wa Kiislamu aliyezaliwa hapahapa mjini, anauza vitenge sebuleni kwake, na ukimuuliza kabila lake anakwambia babu mmoja alikuwa Mmanyema na wengine hawakuacha maelezo. Alimpa mama chumba cha uani, na kama malipo akajipa haki ya kumtania.

"Nyie Wasukuma mnamwogopa mkwe kuliko mamba," alimwambia siku ya kwanza.

"Mamba hakumlipia binti yangu ng'ombe," mama akamjibu.

Wakawa marafiki papo hapo.

Utaratibu ukawa hivi. Mama anaingia kwetu asubuhi mume wangu akishaondoka kwenda Mkolani, kwenye karakana yake ya madirisha ya alumini, na anatoka jioni kabla hajarudi. Lakini mafundi hawana saa. Mara amesahau kipimo, mara umeme umekatika karakanani, mara ana hamu tu ya kumwona mtoto. Kwa hiyo wakabuni kikohozi. Mume wangu alikohoa kabla ya kufungua geti, naye mama akatokomea. Mama alikohoa jikoni, maana yake chakula kiko dirishani, kichukue mimi nimegeuka. Mpita njia angeweza kudhani nyumba nzima tunaumwa kifua. Jogoo naye, ambaye hatukuwahi kupata moyo wa kumchinja, akazoea kuwika kila mtu akikohoa.

Mambo mengine yote yalipita kwangu. Mimi kazini kwangu, katika redio moja mjini, nahariri habari, na nyumbani niliendelea na kazi bila likizo. Mama alisema: "Mwambie mkwe nyama ya jana ilikuwa mifupa mitupu, anadhani namlisha mbwa." Nikamwambia mume wangu kwamba mama anashukuru, supu ilikolea. Mume wangu alisema nimuulize mama kama ni lazima mtoto avae masweta mawili kwenye jua hili la Mwanza. Nikamwambia mama kwamba baba mtoto anafurahi sana mtoto anavyopendeza. Amani ilitawala. Nilicheka peke yangu kila siku, na katikati ya kicheko hichohicho, bila kupiga hodi, ndipo ugonjwa ulipoingia.

Kwanza nilikosa usingizi hata mtoto alipolala. Nililala ubavu nikisikiliza pumzi zake, na alipokaa kimya nilimgusa, naye akaamka, basi nikashukuru kwamba yu hai na tukaanza upya. Baadaye usingizi wenyewe ulinisahau. Nililia kwa sababu chumvi imeisha. Nililia kwa sababu chumvi imenunuliwa. Kisha nikaanza kuogopa ndoo. Ilikuwa ndoo ya kawaida, ya bluu, tuliyoiweka karibu na bomba, na kila nilipopita hapo nikiwa na mtoto nilimwona akiponyoka mikononi mwangu na kutumbukia ndani. Nilimwona kabisa, na vidole vyake. Nikaanza kupita upande wa pili. Mama alimkwepa mume wangu, mume wangu alimkwepa mama, na mimi nikaikwepa ndoo, sote katika uwanja unaotosha kamba moja ya nguo.

Mama aliponiuliza asubuhi kama nimelala, nilimwambia ndiyo, mume wangu alimbeba mtoto usiku. Mume wangu aliponiuliza jioni, nilimwambia ndiyo, mama alimchukua mtoto mchana nikapumzika. Kila mmoja akazidi kumpenda mwenzake.

"Mkwe wangu ana moyo," mama alisema akikoroga uji.

"Mama yako hana mfano," mume wangu alisema akivua viatu.

Kazini habari moja huwa tunaithibitisha kwa watu wawili wasiopatana. Hapa nilikuwa na watu wawili waliopatana mno na hawakuweza kuulizana chochote. Mimi ndiye nilikuwa chanzo, mwandishi na mhariri. Habari haikuwa na mahali pa kuvujia.

Aliyekaribia kuipata ni nesi wa kliniki. Tulikuwa tumempeleka mtoto kupimwa uzito, mama na mimi. Nesi huyo ni mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, Mjita kwa lafudhi yake. Nilimchekesha kwa hadithi ya jogoo na vikohozi mpaka akafuta machozi. Alipomaliza kucheka akanitazama.

"Unachekesha vizuri," alisema. "Unalala?"

Nikasema nalala. Mama, aliyekuwa pembeni yangu, akaongeza kwa fahari kwamba mkwe wake humbeba mtoto usiku kucha. Nesi akasema sawa, ila akaniambia naweza kurudi siku yoyote, hata bila mtoto, hata kama si siku ya kliniki. Tulipotoka mama alisema yule nesi ana maneno mengi.

Siku yenyewe ilianza vizuri, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Mama aliosha vyombo akiimba. Mimi nilikuwa nimemshika mtoto nikielekea kumwogesha, na maji yalikuwa kwenye ndoo. Nilifika mbele ya ndoo na miguu ikagoma. Haikwenda mbele wala kando. Nikamwita mama, nikampa mtoto, nikakaa kizingitini. Nikachukua simu na kumpigia mume wangu, nikamwambia: "Njoo. Siwezi kumshika mtoto." Baada ya hapo sauti ikaisha. Sijui niliseme vipi kwa namna nyingine. Maneno yalikuwapo kichwani, yamepangika vizuri tu, lakini hakuna lililotoka.

Mama aliniita mara kadhaa. Alinipepea na kitenge. Kisha tukasikia bodaboda inasimama getini kwa kishindo, na mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe, akasahau kukohoa.

Mama alikuwa na nafasi moja tu ya kufikiri, na mwili wake ukafanya kile ulichofundishwa tangu utotoni. Alikimbia kujificha. Choo ndicho kilichokuwa karibu. Mlango wa bati ukajibamiza, komeo likaanguka, na mtoto wangu akawa ndani pamoja naye.

Mume wangu aliingia akanikuta nimekaa, mikono mitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

Nilimtazama. Nilijua jibu. Nadhani hata nilikuwa naliona kuwa linachekesha. Sikuweza kulitoa. Aliingia ndani, nikamsikia akivuruga kitanda. Alitoka akaenda moja kwa moja kwenye ndoo, akachungulia ndani. Sikuwa nimewahi kumwambia habari za ndoo. Alipoinua uso ulikuwa umebadilika rangi.

Ndipo choo kikapiga chafya. Chafya ndogo, ya wiki chache.

Mume wangu alikwenda hadi mlangoni pa choo, akasimama. Kila kitu alicholelewa nacho kilimwambia arudi nyuma. Alinigeukia, kwa mazoea, ili nimuulizie. Mama naye, ndani, bila shaka alikuwa akingoja nimjibie. Lakini mimi niliyewapelekea maneno wiki zote hizo sikuwa na hata moja. Jirani, pale ukutani, akafungua mdomo kusaidia, akaufunga tena. Mpaka leo anasema ni mara ya pekee maishani mwake.

"Mama," mume wangu akauambia mlango. "Shikamoo."

Bati lilikuwa linatoa milio kwa joto la jua.

"Marahaba," bati likajibu.

"Mtoto yuko salama?"

"Mtoto yuko salama. Mwenzako ndiye hayuko salama."

"Lakini si huwa unamchukua mtoto mchana, mwenzangu akapumzika?"

"Mimi? Si wewe unambeba mtoto usiku?"

Habari ilikuwa imevuja. Niliisikia ikipita kwenye bati, kutoka huku kwenda kule, na nikaanza kulia kwa namna ambayo haikuwa ya chumvi. Ilikuwa nafuu. Nililia kama mtu aliyetua mzigo kichwani akagundua shingo bado ipo.

"Basi hajalala kabisa," mama akasema kule ndani, taratibu. "Tangu lini huyu mtoto wangu hajalala?"

"Tumpeleke wapi, mama?"

"Kliniki, kwa yule nesi mwenye maneno mengi. Sasa hivi. Ila nitatokaje, baba, na wewe umesimama mlangoni?"

Mume wangu akazunguka, akaupa mlango mgongo, akafunika uso kwa mikono miwili. Hilo halikumtosha. Akachukua beseni la nepi akaliweka kichwani. Jirani akapata sauti yake tena.

"Tulia hivyohivyo, shemeji. Bibi anapita. Geuka kidogo kulia. Usichungulie, utapofuka."

Mama akatoka na mtoto, kitenge kikiwa kimefunika uso wake na wa mtoto pamoja, akapita nyuma ya mtu mwenye beseni kichwani, na jogoo akawika. Nilikuwa ninalia na kucheka kwa wakati mmoja na sikuweza kutenganisha.

Tulikwenda kliniki kwa msafara, mume wangu mbele kwa bodaboda, sisi watatu nyuma kwa bajaji. Nesi hakuuliza mengi. Alipoambiwa ni nani analala wapi na nani anashinda wapi, alitaka wote waingie chumbani. Chumba chake ni kidogo kuliko choo chetu. Mama akasimama mlangoni akisema yeye atasikilizia nje, mume wangu akasema hapana, atatoka yeye. Nesi alivuta lile pazia la kupimia wagonjwa, akamweka mama nyuma yake kwenye kitanda, akamweka mume wangu mbele kwenye kiti, akaniweka mimi katikati.

Aliniuliza moja kwa moja kama nimewahi kufikiria kujidhuru, au kumdhuru mtoto. Sauti ilikuwa imerudi kidogo. Nilimweleza habari za ndoo. Nilidhani atapiga kelele na kuninyang'anya mtoto. Hakushtuka hata kidogo. Alisema mama anayeogopa ndoo namna ile ni yule ambaye hataki kabisa mtoto aiguse, na kwamba amewaona wengi, mmoja aliogopa ngazi, mwingine kisu cha vitunguu. Alisema huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, unawapata wazazi wengi, una tiba, na hautokani na kurogwa wala uvivu wala kukosa shukrani. Angeniandikia niende kwa daktari wa afya ya akili mjini. Kwanza, nilale.

Kisha akawageukia hao wawili. Usiku mtoto atakuwa na baba yake, nami nitaamshwa kwa kunyonyesha tu. Mchana atakuwa na bibi yake. Na yatakayohusu kulala kwangu wataambiana wenyewe.

"Huyu si simu yenu," alisema. "Mna simu?"

"Ninayo," mume wangu akasema.

"Ninayo," pazia likasema. "Ndogo, ya kubonyeza."

Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyopata wazimu wa aina nyingine, ulio bora zaidi. Mama aliamua kwamba simu haina uso, na pasipo na uso hapana aibu. Wakaanza kupigiana. Yeye yuko jikoni, mume wangu yuko sebuleni, kila mmoja na simu sikioni, kila mmoja akimsikia mwenzake mara mbili, mara moja kwa simu na mara moja kwa dirisha.

"Halo. Mkwe. Amelala tangu saa nne, usikohoe."

"Nimekusikia, mama. Na ile nyama?"

"Hiyo nyama tutaizungumza siku nyingine."

Mjomba wangu kule kijijini alipoambiwa, alisema wazee watakaa kulijadili. Tunasikia hawajaafikiana. Upande mmoja unasema sauti ni mtu, upande mwingine unasema hata redio ni sauti na hakuna mkwe anayeikimbia.

Nilianza vidonge ambavyo daktari alisema havimzuii mtoto kunyonya, na kwenda kuzungumza naye kila wiki. Sitasema nilipona siku fulani. Nakumbuka tu mchana mmoja nilioamka mwenyewe, bila kugutuka, shuka limenichora shavuni, harufu ya michembe na karanga imejaa chumba. Nilitoka nje nikamkuta jogoo amesimama juu ya jiwe katikati ya nepi, anajiona mkubwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama alichungulia kutoka jikoni kwa hofu, akaona ni kicheko cha kweli, akabonyeza simu yake kumpigia mkwe wake Mkolani. Nilimsikia akimwambia: "Anacheka. Hapana, vizuri. Anamcheka jogoo."

Juzi mama aliondoka. Mvua zimekaribia na shamba halimngoji mtu. Mume wangu alimsindikiza hadi kituoni barabara ya Shinyanga, yeye upande huu wa barabara, mama upande ule, na malori yakipita kati yao. Nilikuwa nyuma na mtoto mgongoni. Wote wawili walikuwa na simu masikioni. Mama alipopanda gari la Kigongo nilimsikia mume wangu akimwambia kwenye simu afike salama na asinunue samaki wa njiani, na mama, dirishani, akimwambia hajafundishwa samaki na mtoto wa juzi.

Kesho mume wangu ana madirisha ya kufunga Misungwi, kazi ya kutwa. Jirani anakwenda mjini kufuata mzigo wa vitenge. Itakuwa siku yangu ya kwanza peke yangu na mtoto tangu siku ya mlango wa bati. Nesi amesema nikitaka nijaribu, nikitaka niwaambie wasubiri, na yote mawili ni sawa. Mama amepiga kuniuliza kama nitaweza. Mume wangu ameniuliza hilohilo wakati wa chakula. Nimewapa wote jibu moja, na najua wameshalilinganisha, maana nimemsikia mume wangu akilirudia kwenye simu nje ya geti: anasema hajui bado.

Ndoo ya bluu iko palepale karibu na bomba. Maji ya kumwogeshea mtoto kesho asubuhi yamo humo.